Zamu ya Bwana Koti

Mara ya mwisho niliwaacha, wasomaji, siku ya Jumatatu, mkono wangu ukiwa juu ya kitasa cha mlango wa Mkuu wa Idara, na sauti yake ikitoka ndani: "Ingia, na ufunge."

Niliingia. Nilifunga.

Kwa msomaji aliyechelewa kupanda safari hii, mambo yalianza hivi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, niliyepelekwa mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Katika ofisi hiyohiyo, mama yangu mdogo ni katibu muhtasi wa Mkuu. Nilipouliza kwa nini madirisha yote hufungwa kwa pamoja mchana huku watu wamejaa ukumbini, nilihamishiwa chumba cha mashine ya kutoa nakala. Nilipouliza tena, safari hii mbele ya wateja, nikajibiwa kwa kejeli: "Kama unajua sana, panga wewe."

Nikapanga.

Nilitengeneza jedwali la zamu. Watumishi wangekula kwa kupokezana. Dirisha la tano, lililokuwa limegeuzwa ghala la viti vilivyovunjika, lingefunguliwa kila mchana kwa mambo yasiyongoja, hasa vibali vya maziko. Mkuu alilisaini akiwa amesimama, ufunguo wa gari mkononi, macho yakiwa kwenye simu. Wageni wa makao makuu walipopita wakalisoma ukutani, wakapiga makofi, wakaahidi kurudi kuliona likifanya kazi.

Shida ni kwamba walilisoma mpaka mstari wa mwisho.

Mstari huo ulisema: Jumatano, mchana, dirisha la tano, Mkuu wa Idara.

Sikuuandika kwa utundu. Katika kikao cha wafanyakazi Mkuu mwenyewe alipiga meza akasema, "Kila mtumishi atakaa dirishani! Kila mtumishi, bila ubaguzi!" Nami, kwa moyo mweupe, nikaandika kila mtumishi.

Sasa nilikuwa mbele ya meza yake, na yeye hakuniambia nikae.

"Nani alikutuma?" aliuliza.

"Kufanya nini, Mkuu?"

"Kuniweka dirishani kama muuza tiketi za mpira."

"Ni wewe, Mkuu. Ulisema kila mtumishi."

"Nilisema kila mtumishi. Nilisema mimi?"

"Samahani, Mkuu. Kwani wewe si mtumishi?"

Uso ulimkunjamana. Nyuma yake, kwenye mgongo wa kiti, lilitundikwa koti la kijivu, mabega yamekaa sawasawa kana kwamba lina mtu ndani. Ni wakati mwafaka wa kulitambulisha koti hilo, kwa kuwa ndilo lililokuwa likiongoza idara.

Mkuu halivai. Sijawahi kumwona amelivaa. Kila asubuhi mama mdogo hulitoa kabatini, hulipiga brashi, hulitundika kitini, kisha huwasha feni ili mkono mmoja wa koti utikisike kidogo. Juu ya faili lililofunguliwa huweka miwani, na kando yake kikombe cha chai, kiwe kinatoa mvuke. Mtu akichungulia na kuuliza, mama mdogo hujibu: "Yupo. Ametoka kidogo tu."

Mwenye koti, wakati huo, yuko dukani kwake anauza saruji na mabati.

Watumishi walimwita Bwana Koti. Hata mimi, ninayependa kuwaita watu kwa vyeo vyao, jina hilo lilikuwa limeshanizoea ulimini.

"Sikiliza, binti," alisema Bwana Koti, sasa kwa upole uliotisha kuliko ukali. "Utalifuta jina langu. Utawaambia watu ulikosea kuchapa."

"Sikukosea kuchapa."

"Utakuwa umekosea."

"Makao makuu wameshalisoma, Mkuu."

"Wale hawaji mahali bila kupiga simu. Wakipiga, nitavaa hili koti na kukaa popote wanapotaka, hata juu ya paa. Lakini sitakaa pale kila Jumatano nikiulizwa maswali na kila mpita njia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mkuu. Ila siwezi kuandika kwamba nilikosea."

Alitabasamu. Laiti asingetabasamu.

"Mama yako mdogo anaipenda kazi yake?"

"Anaipenda, Mkuu."

"Tuna kituo kidogo kule mpakani. Chumba kimoja, meza moja. Wanahitaji mtu. Jina langu likiwa bado ukutani Jumatano, basi mama yako mdogo amehama. Mfikishie."

"Mkuu, nyumbani kuna bibi yangu hajiwezi. Hawezi kujigeuza kitandani. Mama mdogo ndiye..."

"Ndiyo maana nakuambia wewe. Wewe ni msomi. Pima mwenyewe." Akachukua ufunguo wa gari. "Ukitoka, mwambie mama yako mdogo koti linahitaji brashi."

Nilitoka na woga, lakini si woga peke yake. Hasira nayo ilikuwemo.

Karani wa dirisha la pili alikuwa akinisubiri koridoni. Jina lake la ofisini ni Kesho, kwa sababu ndilo jibu analowapa wateja.

"Haya, Bi Ratiba, umepona?"

"Nimepona."

"Amekuambia ufute?"

"Ameniambia."

"Basi si ufute tu, dada! Mstari mmoja! Unakufa kwa mstari mmoja?"

"Wewe umefaidika na jedwali hili. Sasa unakula chakula chako kwa amani, hakuna anayekugongea dirisha."

"Nafaidika, sikatai. Lakini usinitaje kokote." Akaenda zake akicheka.

Jioni, tulipokuwa tukimgeuza bibi, mimi upande wa miguu na mama mdogo upande wa mabega, mama mdogo aliniuliza bila kunitazama:

"Eti umemweka Mkuu dirishani?"

"Alisema kila mtumishi."

Nilidhani atanifokea. Badala yake alianza kucheka, kicheko cha kujizuia, mpaka bibi akapiga kelele kitandani.

"Nyie! Mnanigeuza au mnanicheza? Mbavu zangu hizo!"

"Samahani, mama," alisema mama mdogo akifuta machozi. "Ni huyu mjukuu wako. Amempangia zamu bosi wangu."

"Si vizuri? Nami mpangieni aje kunigeuza. Nyie mikono yenu baridi."

Tulicheka wote watatu. Kisha mama mdogo akaninyooshea kidole.

"Alipokuita ndani, alikuambia nini?"

Hapa, msomaji, ndipo ninapotaka unisikilize bila kunihurumia.

Nilikuwa na jibu kamili kinywani. Kituo cha mpakani. Chumba kimoja, meza moja. Lakini nilijua kwamba nikilitamka, angeniambia, "Futa, mwanangu," na mimi nisingeweza kumbishia mwanamke aliyenilea, mbele ya kitanda kile. Ningefuta. Nilitaka nisifute. Basi nikamchagulia, bila kumwuliza, mzigo ambao ungemwangukia yeye.

"Hakuna," nilisema. "Alisema koti linahitaji brashi."

"Hilo koti!" alisema bibi. "Siku moja litaomba mshahara."

Jumanne nilisimama mbele ya jedwali nikiwa na chupa ya wino mweupe wa kufutia. Nakiri: usiku ulikuwa umenilainisha. Nilikuwa nimeshafungua kifuniko.

"Binti, hapo pameandikwa nini?"

Alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya pama, aliyekuwa akifuatilia cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake, na ambaye Kesho alikuwa amemwambia aje kesho mara nyingi kiasi cha mlinzi kumwachia kiti chake.

"Ni zamu za wafanyakazi, mzee."

"Nisomee. Miwani nimesahau."

Nilimsomea, nikitumaini atachoka kabla ya mwisho. Hakuchoka.

"Rudia hapo mwisho."

"Jumatano, mchana, dirisha la tano, Mkuu wa Idara."

"Mkubwa mwenyewe?"

"Mkubwa mwenyewe, mzee."

Alivua kofia, akaipapasa, akaivaa tena. "Basi kesho sitakuja kwa sababu nimeambiwa kesho. Nitakuja kwa sababu nataka kumwona. Na nitawaambia na wenzangu."

Nilirudisha kifuniko kwenye chupa, nikakikaza.

Jumatano ilipofika mchana, ukumbi ulikuwa umefurika. Mzee wa kofia alitimiza neno lake, na wenzake walikuwa wengi. Mbele kabisa ya dirisha la tano alisimama mama mmoja aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani. Nyuma yake mzee wa kofia. Nyuma ya mzee, mwanamume mwembamba mwenye shati la mikono mifupi na mkoba uliochakaa, ambaye alikuwa akisoma jedwali ukutani kana kwamba atafanyiwa mtihani.

Kila aliyeingia kwa mlango wa mbele alipewa namba na mlinzi, foleni moja kwa madirisha yote yaliyo wazi. Hilo nalo nililiandika mimi katika jedwali, na mlinzi, ambaye hakuna aliyewahi kumpa utaratibu wowote, aliushika kwa moyo wake wote.

Mama mdogo akatokea koridoni.

Alikuwa amebeba koti.

"Mama mdogo," nilisema, "unalipeleka wapi?"

"Mkuu amepiga simu. Amesema zamu yake ni zamu yake, kwa hiyo koti likae dirishani badala yake." Hakunitazama usoni. Alilitundika koti kwenye kiti cha dirisha la tano, akalinyoosha kola, akaweka miwani, akarudi na kikombe cha chai, akawasha feni.

Mkono wa koti ukatikisika.

Ukumbi mzima ukageuka kulitazama.

"Shikamoo, Mkuu," alisema mzee wa kofia, akiinama juu ya bega la mama aliyekuwa mbele yake.

Koti halikujibu.

"Mbona haitikii?"

"Mzee, hilo ni koti," Kesho alimjibu kutoka dirisha la pili.

"Koti naliona. Nauliza aliyemo amekwenda wapi."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Mzee, lenyewe limekuja kazini, usilisumbue!" Mwingine akasema, "Afadhali hilo, halitukani!"

Mama mwenye kitambaa cheusi hakucheka.

"Naomba kibali cha maziko," alisema, akiliangalia koti, kisha akimtazama Kesho, kisha mimi. "Baba yangu yuko chumba cha maiti. Gari la kumbeba limeshafika, na dereva anasema hataki kungoja. Ndugu wamekaa makaburini juani. Naomba tu kibali."

"Mkuu ametoka kidogo," alisema Kesho.

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Kidogo tu, mama. Au njoo..."

"Usimwambie kesho!" nilipiga kelele. Sikujua kwamba nina sauti ya namna ile. "Maiti haiambiwi kesho!"

Nilizunguka kaunta, nikaingia ndani ya dirisha la tano, nikalishika koti kwa mabega yote mawili.

"Liache." Ilikuwa sauti ya mama mdogo.

"Mama mdogo, watu wanazungumza na nguo!"

"Nimesema liache. Wewe ni mwanafunzi. Ukigusa mhuri huo, hawatamfukuza Mkuu, watakufukuza wewe. Toka hapo."

"Basi nani atakaa?"

Mama mdogo alikuwa akimwangalia yule mama mwenye kitambaa cheusi. Na yule mama alikuwa akimwangalia yeye, bila hasira, kama mtu aliyezoea kusubiri.

Mama mdogo aliingia ndani ya dirisha. Aliliondoa koti kitini, akalipima mikononi.

"Muda wote huu nalipiga brashi," alisema polepole, "sikuwahi kujua ni zito hivi."

Akalivaa.

Mikono ilimpita vidole. Akaikunja, mmoja baada ya mwingine. Akakaa kitini. Akaisogeza miwani ya Mkuu kando. Kisha akachukua kikombe cha chai ya Mkuu, akanywa fundo moja, akakunja uso.

"Hata sukari haina. Ndiyo maana hakai." Akatazama ukumbini. "Mkuu amesema koti likae zamu. Limekaa. Mama, karibu. Pole kwa msiba. Jina la marehemu?"

Lazima nieleze jambo moja, kwa sababu wengi mtajiuliza alikuwa na haki gani. Kabla hajawa katibu muhtasi, mama mdogo alikuwa msajili msaidizi, tena wa dirishani. Cheo hicho hakuna aliyewahi kumvua. Alitolewa dirishani siku Bwana Koti alipohitaji mtu wa kuaminika wa kulitunza koti. Kibali cha maziko ni miongoni mwa vitu ambavyo msajili msaidizi anaruhusiwa kusaini bila kumwuliza mtu.

Alikisaini. Akagonga mhuri mpaka meza ikaruka.

"Nenda ukamzike mzee wetu," alisema.

Yule mama alikipokea kibali kwa mikono miwili, na machozi aliyokuwa ameyazuia mbele ya koti yakamtoka mbele ya mtu.

Mzee wa kofia akafuata. Alivua kofia kabisa.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, baba. Ila mimi si Mkuu."

"Umeitikia. Kwangu inatosha."

Wakati huo nilimwona Kesho akiongea kwenye simu kwa kujificha, mkono ukiwa mdomoni. Nikajua habari imeshafika dukani.

Mlango wa nyuma, ambao Bwana Koti huutumia, ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa kwa mama mdogo. Tulimsikia akiutikisa. Tukamsikia akitukana. Halafu kimya. Halafu mlango wa mbele ukafunguka, naye akaingia ukumbini kwa njia ya wananchi, jasho likimtiririka, vumbi la saruji limemjaa kwenye viatu.

"Namba yako, mzee," mlinzi alimwambia, akimkabidhi kikaratasi.

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, bosi. Kila aingiaye mlango huu anapewa."

Alikipokonya bila kukitazama, akasukuma watu mpaka karibu na dirisha la tano.

Mbele ya dirisha wakati huo alikuwa yule mwanamume mwembamba mwenye mkoba uliochakaa. Alikuwa ameweka mikono juu ya kaunta, na alikuwa akimwuliza mama mdogo kwa adabu:

"Jedwali lile linasema dirisha hili leo ni la Mkuu wa Idara. Ni wewe?"

Mama mdogo alimwona Bwana Koti nyuma ya bega la mwanamume huyo. Ukumbi mzima ulimwona akimwona. Angeweza kuvua koti. Angeweza kusema yale maneno aliyoyasema kila siku: ametoka kidogo.

"Hapana, ndugu," alijibu. "Mkuu ni huyo aliyesimama nyuma yako. Mwambie apange foleni."

Kicheko kilichotoka kilitikisa vioo. Mzee wa kofia alishika ukuta.

Bwana Koti hakupandisha sauti. Alisubiri watu wachoke kucheka.

"Ndugu wananchi, nawaomba radhi," alisema. "Huyu mama si wa ofisi hii. Nimemhamisha. Tangu asubuhi hana mamlaka katika kiti hicho, na amevaa nguo isiyo yake. Chochote alichosaini leo hakina nguvu. Ni karatasi tu."

Mlangoni, yule mama mwenye kitambaa cheusi alisimama. Alikuwa amekawia akitolewa nakala ya kibali, na sasa alikuwa ameshaweka mguu mmoja nje.

"Hakina nguvu?" aliuliza. "Kibali changu?"

Mwanamume mwembamba akageuka taratibu.

"Nimetoka makao makuu," alisema. "Tuliahidi kuja kuliona jedwali. Nikaona nisipige simu."

Rangi ilimtoka Bwana Koti usoni, ikarudi, ikatoka tena. Lakini mtu aliyeendesha idara kwa koti hakosi la kusema.

"Karibu sana, Mheshimiwa! Umekuja siku mbaya. Kama nilivyosema, mama huyu alikwishahamishwa."

"Kwa taarifa ipi? Mwenyewe anaonekana hajui."

"Taarifa alipewa. Nilimtuma ndugu yake, mwanafunzi huyo hapo. Jumatatu, ofisini kwangu. Mwulize. Anajidai hasemi uongo."

Macho yote yakanigeukia. Ya Kesho. Ya mzee wa kofia. Ya yule mama pale mlangoni, kibali kifuani, na gari likimngoja nje.

Ya mama mdogo.

"Binti," alisema mtu wa makao makuu, "ni kweli uliambiwa?"

Nikikana, kibali cha yule mama kingepona, na mama mdogo asingejua kamwe nilichomficha. Neno moja tu. Bwana Koti alikuwa akinitazama kwa tabasamu lilelile la Jumatatu, akingoja nimwokoe kwa ndiyo au nijichafue kwa hapana.

Sikumpa lolote kati ya hayo mawili.

"Niliambiwa," nilisema. "Niliambiwa kwamba jina la Mkuu lisipofutwa kwenye zamu ya leo, mama mdogo atapelekwa mpakani. Kwamba nimfikishie. Sikumfikishia. Na jina sikulifuta. Liko pale ukutani, Mheshimiwa, na saini iliyo chini yake ni ya Mkuu. Hakuna aliyemhamisha mama mdogo kwa sababu ya kazi. Amehamishwa kwa sababu ya mstari mmoja, na mstari huo niliuandika mimi, na ningeuandika tena!"

Hakuna aliyecheka.

Mtu wa makao makuu aliutazama ukuta. Akanyoosha mkono kwa yule mama mwenye kitambaa cheusi. "Nipatie hicho kibali kidogo, mama." Akatoa simu, akasogea pembeni ya ukumbi, kibali mkononi, na kuanza kumweleza mtu fulani kwa sauti ya chini jambo ambalo sote tulitamani kulisikia na hatukulisikia.

Yule mama alibaki amesimama na mikono mitupu. Nje, dereva alipiga honi.

Mama mdogo hakuwa akimwangalia yeyote kati yao. Alikuwa akiniangalia mimi.

"Ulijua tangu Jumatatu?"

"Ndiyo."

"Nilikuuliza. Tumemshika mama mikononi, nikakuuliza."

"Uliniuliza, mama mdogo."

Nilingoja avue koti. Nilingoja asimame, apite mbele yangu bila neno, aende akamtazame bibi kwa mara ya mwisho kabla ya safari niliyomkatia tiketi mimi. Bwana Koti naye alikuwa akingoja hivyohivyo. Alikuwa ameshanyoosha mkono kulipokea koti lake.

Mama mdogo alikunja mikono ya koti mara moja zaidi, mpaka juu ya viwiko.

"Tutaongea nyumbani," aliniambia. Kisha akainua sauti iliyofika mpaka uani. "Kama nimehamishwa, basi leo nafanya kazi bure. Namba kumi na tisa!"

Watu wakatazama vikaratasi vyao. Hakuna aliyesogea.

"Kumi na tisa!" aliita tena. "Kama hayupo, tunamruka!"

Mzee wa kofia aliinama, akachungulia mkono wa mwanamume aliyesimama karibu naye, mkono ule uliokuwa umenyooshwa kulipokea koti, na kikaratasi kilichonaswa katikati ya vidole vyake.

"Bosi," alisema mzee, "si unaitwa wewe?"